Kutibu, Kuponya na Kujaribu: Seli Shina katika Ugonjwa wa Parkinson

Utangulizi

Mwezi Aprili mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja ripoti mbili juu ya upandikizaji wa seli katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Ripoti ya kwanza ilitoka Kyoto, Japani, na ilihusu wagonjwa 7. Ya pili ilitoka Marekani na Kanada, na ilihusu wagonjwa 12. Katika zote mbili lengo la msingi lilikuwa kupima usalama wa upandikizaji huo, na katika zote mbili hapakutokea madhara makubwa yaliyosababishwa na seli. Nafuu ya wagonjwa ilipimwa pia, nayo ikaonekana kwa kiasi. Lakini hapakuwa na kundi la ulinganisho, na kwa hiyo nafuu hiyo haikuweza kuhusishwa kwa yakini na seli zilizopandikizwa.

Jambo hili kwa Kiswahili huitwa "tiba ya seli shina". Makala haya yanadai kwamba jina hilo, kwa hali ilivyo, lina makosa mawili, na kwamba makosa hayo si ya kikamusi tu. Yana gharama, na wanaolipa ni wagonjwa.

Kosa la kwanza limo katika neno tiba. Kiswahili kinatofautisha kwa uangalifu mkubwa kutibu na kuponya. Mganga hutibu na daktari hutibu. Kupona ni habari nyingine, na wazee huiachia kwa Mwenyezi Mungu. Mtu anaweza kumtibu mwenziwe miaka kumi asimponye, na lugha isimwite mwongo. Tatizo ni kwamba nomino haikufuata uangalifu huo wa vitenzi. Tiba ni tendo la kutibu, na tiba vilevile ni kile kinachoondoa maradhi. Mtu akitangaza kwamba "tiba imepatikana", hakuna msikilizaji atakayeelewa kwamba kuna mgonjwa mahali fulani aliyeanza kushughulikiwa. Ataelewa kwamba maradhi yamepata mshindi wake.

Kosa la pili limo katika seli shina. Istilahi yenyewe ni nzuri, bora kuliko "seli za shina", ambayo msomaji wa botania angeweza kudhani ni seli zilizomo ndani ya gogo la mti. Shina ni mahali yanapotoka matawi, na seli shina ni seli ambayo bado inaweza kutoa seli za namna nyingi: za neva, za moyo, za ngozi. Lakini kinachopandikizwa katika ubongo wa mgonjwa wa Parkinson si seli shina. Kama seli shina zenyewe zingetiwa humo, zingeweza kuchipua lolote, na hatari ya kuota uvimbe ingekuwa kubwa. Ndiyo maana watafiti huzilea kwanza maabarani mpaka ziwe zimeshika njia ya kuwa seli za neva zitoazo dopamini, kisha hujitahidi kuondoa zile zilizobaki nyuma. Kinachoingia ubongoni kinastahili kuitwa seli chipukizi. Tofauti hii itaonekana kuwa ndogo mpaka mtu akumbuke kwamba ziko kliniki za biashara, katika nchi nyingi, zinazochoma wagonjwa sindano za seli zilizotolewa katika mafuta ya mwili na kuziita kwa jina hilohilo la seli shina. Jina moja limefunika kazi ya Kyoto na kazi ya mchuuzi.

Jina la ugonjwa

Kabla ya kurudi kwenye seli yafaa kuutazama ugonjwa wenyewe, kwani nao umewahi kuteswa na jina. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza mwaka 1817 katika kijitabu alichokiita insha juu ya kupooza kwa kutetemeka. Alieleza watu 6 tu, na baadhi yao aliwaona barabarani bila kuwapima. Baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris alilikataa jina hilo kwa hoja mbili: kwamba wapo wagonjwa wasiotetemeka, na kwamba waliotetemeka hawakuwa wamepooza, kwani nguvu zao zilikuwapo. Ndipo alipopendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson.

Hoja ya Charcot bado ina kazi kwa Kiswahili. Watu wengi huita maradhi haya "ugonjwa wa kutetemeka", na utafiti uliochapishwa na Mshana na wenzake mwaka 2011 juu ya wagonjwa wa vijijini kaskazini mwa Tanzania ulitia maneno hayo, kwa tafsiri, katika kichwa chake. Jina ni la wananchi na lina haki yake. Lakini humwacha nje mzee aliyekakamaa viungo, anayeburuta nyayo, ambaye sauti yake imefifia na mwandiko wake umekuwa mdogo kama mbegu za mchicha, na ambaye mkono wake haujapata kutetemeka hata siku moja. Huyo jamaa zake husema amezeeka.

Kinachotokea ndani ya ubongo kimejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Katika ubongo wa kati kuna eneo dogo lenye seli nyeusi, na seli hizo hutoa dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza na kuongoza mwendo. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa pole pole, na mpaka mgonjwa aone dalili sehemu kubwa imekwisha kufa. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha mwaka 1957 kwamba sungura walioduwazwa kwa dawa ya kupunguza kemikali za aina hii waliamka walipopewa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, walipima bongo za wagonjwa waliokufa wakakuta dopamini imepungua mno. Mwaka 1967 George Cotzias alionyesha jinsi ya kuwapa wagonjwa levodopa ya kumeza kwa kiwango kikubwa. Vidonge hivyo ndivyo vinavyotumika hadi leo. Vinatibu, haviponyi. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake huanza kupanda na kushuka mchana kutwa, na mwili huanza kujinyonga-nyonga wenyewe. Seli huendelea kufa kama kawaida, na ugonjwa hauishii kwenye mwendo: kumbukumbu, usingizi, choo na shinikizo la damu navyo huathirika.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kupandikiza. Ikiwa kilichopotea ni seli za aina moja, mahali pamoja, kwa nini zisirudishwe?

Miche iliyoshika

Kitenzi kupandikiza ni cha shambani kabla hakijawa cha hospitalini. Mkulima wa mpunga hung'oa mche kitaluni akaupandikiza jarubani, na baada ya siku chache hutazama kama umeshika. Kushika ni jambo moja. Kuzaa ni jambo jingine, na hakuna mkulima anayepeleka magunia shambani kwa sababu miche imeshika. Historia ya upandikizaji katika ugonjwa wa Parkinson inaeleweka vizuri zaidi kwa vitenzi hivi viwili kuliko kwa takwimu zake zote.

Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalifanyika Sweden mwaka 1982, kwa tishu ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, iliyochukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe. Faida ilikuwa haba. Mwaka 1987 Ignacio Madrazo na wenzake wa Mexico walitangaza katika New England Journal of Medicine kwamba wagonjwa wawili, wote vijana kwa ugonjwa huu, walikuwa wamepata nafuu kubwa ajabu kwa njia kama hiyo. Habari ikaenea upesi, na katika miaka michache mamia ya watu walipasuliwa matumbo na mafuvu. Kisha wengine wakafa, bongo zao zikachunguzwa, na seli hai zilizokutwa zilikuwa chache mno. Miche haikuwa imeshika. Upasuaji huo ukaachwa kimya kimya, bila shangwe iliyolingana na ile ya mwanzo.

Mwaka huohuo wa 1987, katika mji wa Lund, Sweden, kundi la Olle Lindvall na Anders Björklund lilianza kupandikiza tishu changa ya ubongo wa kati iliyotoka katika vijusi vya mimba zilizotolewa. Hapa miche ilishika. Mgonjwa mmoja alikuwa na kipandikizi kilichoendelea kutoa dopamini miaka 10 baadaye, na hilo lilithibitishwa kwa picha za ubongo. Yeyote anayesema kwamba wazo hili ni ndoto tupu hana budi kumjibu mgonjwa huyo. Lakini yeyote anayesema kwamba ni tiba hana budi kuyajibu majaribio mawili yaliyofuata Marekani.

La kwanza lilichapishwa na Freed na wenzake mwaka 2001. Wagonjwa 40 waligawanywa kwa kura: 20 walipandikizwa tishu ya vijusi, na 20 walitobolewa fuvu bila kitu chochote kuingizwa ubongoni. Katika kundi la kwanza wagonjwa 17 walionyesha kwamba seli zilikuwa zimeota na kutoa nyuzi zake. Hata hivyo, kwa kipimo kikuu kilichowekwa tangu mwanzo, yaani maoni ya wagonjwa wenyewe juu ya hali yao baada ya mwaka mmoja, makundi mawili hayakutofautiana. Wenye umri wa chini ya miaka 60 walipata nafuu fulani ya mwendo, wazee hawakupata. Na miongoni mwa waliopandikizwa, asilimia 15 walikuja kupatwa na miondoko ya kujinyonga-nyonga isiyokoma hata dawa zilipopunguzwa. Jaribio la pili, la Olanow na wenzake, lilichapishwa mwaka 2003 na lilikuwa na wagonjwa 34. Nalo halikuonyesha tofauti ya jumla baada ya miezi 24, na miondoko ile mibaya iliwapata 13 kati ya 23 waliopandikizwa.

Miche ilishika, haikuzaa, na mingine ilizaa miiba. Mwaka 2008 yaliongezeka mengine: katika bongo za wagonjwa waliofariki zaidi ya miaka 10 baada ya kupandikizwa, seli ngeni zilikutwa na mabonge ya protini yaleyale yanayoonekana katika seli zinazokufa kwa Parkinson. Shamba lenyewe lilikuwa na ugonjwa, nao ulikuwa unaihamia miche.

Upasuaji wa kuigiza

Jambo la kutoboa fuvu la mgonjwa na kumwacha hivyohivyo lilizua mabishano makali. Mwaka 1999, katika jarida lilelile la New England Journal of Medicine, Thomas Freeman na wenzake walilitetea, na Ruth Macklin, mwanafalsafa wa maadili ya tiba, akalipinga. Hoja ya Macklin haiwezi kupuuzwa. Daktari ameapa kutodhuru, na huyu anamtia mtu maumivu na hatari ilhali anajua kwamba hakuna faida yoyote atakayompa. Kidonge kitupu hakimdhuru mtu. Tundu la fuvu ni jeraha. (Ni vema kusema "kidonge kitupu", kwa kuwa "dawa bandia" kwa msomaji wa Kiswahili ni ile ya magendo inayouzwa kwa udanganyifu, ilhali mgonjwa wa jaribio ameelezwa tangu mwanzo kwamba huenda akapata kitupu.)

Pamoja na uzito wa hoja hiyo, ushahidi uliofuata umeielemea. Ugonjwa wa Parkinson una tabia ya pekee: matumaini yenyewe huugusa. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver walionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa tupu huku wakitarajia dawa ya kweli walitoa dopamini zaidi katika bongo zao. Haikuwa dhana yao tu. Kemikali ilionekana pichani. Mwaka 2004 McRae na wenzake waliwachunguza baadhi ya wagonjwa wa lile jaribio la Freed na wakakuta jambo la kutafakarisha. Waliodhani wamepandikizwa waliripoti maisha bora zaidi kuliko waliodhani hawakupandikizwa, bila kujali nani hasa alikuwa amepandikizwa. Hata wapimaji, ambao nao hawakuwa wakijua, waliona tofauti iliyofuata imani ya mgonjwa.

Ikiwa hali ni hiyo, jaribio lisilo na upasuaji wa kuigiza haliwezi kutenganisha kazi ya seli na kazi ya matumaini. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa seli za retina ya jicho zilizobandikwa juu ya chembe za jelatini. Mwaka 2005 iliripotiwa kwamba wagonjwa 6 waliopandikizwa seli hizo, wote wakijua walichopewa, walikuwa na nafuu ya wastani wa asilimia 48 katika kipimo cha mwendo baada ya mwaka mmoja. Takwimu hiyo ingetosha kujaza kurasa za mbele za magazeti. Jaribio lenye ulinganisho likafanywa kwa wagonjwa 71, nusu yao wakapasuliwa kwa kuigiza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Hapakuwa na tofauti yoyote kati ya makundi mawili.

Lau jaribio hilo la pili lisingefanyika, ni watu wangapi wangetobolewa mafuvu, si kwa kuigiza bali kwa kweli, ili watiwe kitu kisichofanya kazi? Macklin aliwahesabu wale 36 walioumizwa bila faida. Hesabu kamili lazima iwatie na wale ambao hawakuumizwa kwa sababu yao.

Ripoti za mwaka 2025

Kwa mizani hii ndipo ripoti za mwaka 2025 zinapopaswa kupimwa. Hapana shaka kwamba zina mambo mapya. Tishu ya vijusi ilikuwa adimu, haikulingana mgonjwa kwa mgonjwa, na ilizua ubishi wa kidini na kisiasa. Serikali ya Marekani ilizuia fedha zake kwa utafiti huo tangu 1988 hadi 1993. Tangu James Thomson alipofaulu kukuza seli shina za kiinitete cha binadamu mwaka 1998, na Shinya Yamanaka alipoonyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba hata seli ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni ikawa shina tena, imewezekana kuandaa seli chipukizi kwa mamilioni, zilizopimwa na kugandishwa. Hayo ni maendeleo makubwa, na Yamanaka alistahili Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 2012 pamoja na John Gurdon.

Katika jaribio la Kyoto, lililoanza mwaka 2018, wagonjwa wenye umri wa miaka 50 hadi 69 walipandikizwa seli chipukizi zilizotokana na seli za mtu mwingine mwenye afya. Hakuna aliyepata uvimbe. Kati ya 6 waliopimwa nafuu kwa miezi 24, 4 walionyesha mwendo bora wakati wasipokuwa wamemeza dawa, na utengenezaji wa dopamini uliongezeka pichani kwa asilimia 44.7 katika eneo lililopandikizwa. Katika jaribio la Marekani na Kanada, lililotumia seli zilizotokana na seli shina za kiinitete, waliopata kiwango kikubwa cha seli walishuka kwa wastani wa alama 23 baada ya miezi 18, katika kipimo cha mwendo chenye alama 132 ambamo alama nyingi ni dalili ya hali mbaya. Ile miondoko mibaya ya mwaka 2001 haikuonekana.

Ni ushahidi wa nini? Wa kushika, bila shaka. Picha za ubongo zinatosha kwa hilo. Wa kuzaa, bado. Asilimia 44.7 ya dopamini ni habari ya miche, na alama 23 zilipatikana kwa wagonjwa waliojua kwamba wamepandikizwa, kama wale 6 wa mwaka 2005. Watafiti wenyewe wanalifahamu hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Kampuni ya BlueRock, iliyogharimia jaribio la Amerika, ilianza mwaka 2025 jaribio jipya lililopangwa kuwa na wagonjwa wapatao 102, ambamo baadhi yao watapasuliwa kwa kuigiza na wote watafuatiliwa kwa wiki 78 kabla ya hukumu kutolewa. Huo ndio mwenendo unaostahili kusifiwa.

Mwenendo wa Japani unatia wasiwasi. Mwezi Agosti 2025 kampuni ya Sumitomo Pharma iliwasilisha ombi la idhini ya kuuza seli za Kyoto, kwa msingi wa jaribio la wagonjwa 7. Sheria ya Japani, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inaruhusu bidhaa za aina hii kupewa idhini ya muda na ya masharti pale usalama unapoonekana na faida inapokisiwa. Ushahidi kamili hukusanywa baadaye, wakati bidhaa iko sokoni. Wanaoitetea husema kwamba mgonjwa wa leo hana miaka kumi ya kungoja. Ni kweli hana. Lakini Japani imekwisha kuijaribu njia hiyo. Mwaka 2015 bidhaa moja ya seli za kutandikwa juu ya moyo mgonjwa, iliyoitwa HeartSheet, ilipewa idhini ya namna hiyo, nayo pia kwa jaribio la wagonjwa 7. Miaka 9 baadaye, mwaka 2024, wataalamu wa Serikali waliamua kwamba faida yake haikuonyeshwa, ikaondolewa. Katika miaka hiyo yote iliitwa tiba. Na mtu akishauziwa kitu kwa jina la tiba, ni nani atakayekubali kuingia katika kura ambayo huenda ikampa tundu tupu la fuvu? Idhini ya mapema huziba njia ileile ambayo ushahidi ungepitia.

Upupu

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaufahamu upupu kwa utundu wa shuleni: manyoya ya maganda yake yakimgusa mtu humwasha mpaka achanganyikiwe. Ni wachache wanaojua kwamba mbegu za mmea huohuo zina levodopa, na si kwa kiasi cha kubahatisha. Mwaka 2017 Cilia na wenzake walichapisha jaribio dogo lililofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, ambamo unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa ulilinganishwa na vidonge vya levodopa, ukaonekana kuleta nafuu isiyopungua ile ya vidonge. Sababu ya utafiti huo haikuwa mapenzi ya mitishamba. Ilikuwa bei ya vidonge. Yafaa iongezwe upesi kwamba kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kwamba anayejipimia mwenyewe jikoni anajihatarisha.

Mfano huu unaonyesha gharama nyingine ya neno tiba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na Parkinson. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071 na, kama walivyoripoti mwaka 2008, wakakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi, na wengine wakielekea kufa, karibu miaka 40 baada ya kazi ya Cotzias, na kidonge chake hakijawafikia. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo. Kwa mgonjwa wa Hai, kinachoitwa tiba mpya huko Kyoto hakina nafasi ya kuwa chochote kwa miaka mingi ijayo, hata kama kitathibitishwa. Upasuaji wake unahitaji chumba cha upasuaji wa ubongo, vifaa vya kulenga kwa milimita, dawa za kudhoofisha kinga ya mwili kwa mwaka mzima au zaidi, na picha za ubongo za gharama kubwa. Kinachotibu kipo, kimethibitishwa, na kinakosekana. Makala ya magazeti yanayotangaza kwamba "tiba ya Parkinson imepatikana" yanamfanya msomaji aitazame Japani, asiulize duka la dawa la hospitali ya wilaya lina nini.

Istilahi

Kazi ya wanaleksikografia hapa si kubwa lakini ni ya lazima. Neno seli shina libaki kwa maana yake ya kibiolojia. Kinachopandikizwa kiitwe seli chipukizi. Tendo zima liitwe upandikizaji, neno ambalo halimwahidi mtu jambo lolote zaidi ya mkono wa mpandikizaji, na mpaka majaribio yenye ulinganisho yatakapotoa majibu, maneno "jaribio la" yatangulie mbele yake bila kuonewa haya. Itasemwa kwamba "jaribio la upandikizaji wa seli chipukizi" ni refu mno kwa kichwa cha habari. Ni refu kweli. Wale watu wapatao 102 wa jaribio la BlueRock, kabla ya kulala juu ya meza ya upasuaji bila kujua kama wataamka na mamilioni ya seli au na tundu peke yake, wanapaswa kusomewa maelezo marefu zaidi ya hayo na kuyatia saini, na neno tiba lisiwemo humo kama ahadi.